PAKA WA KIAJEMI NI AMANA: JIBU KWA DADA ANAYETAKA KUMWACHA SOKONI



Ndugu zangu katika imani, juzi baada ya Isha nilifungua simu nikakuta ujumbe wa dada mmoja. Sitamtaja yeye wala mji wake. Anasema mumewe aliwanunulia watoto paka wa Kiajemi, wale wenye manyoya marefu na pua iliyobonyea. Watoto walifurahi wiki mbili. Sasa nyumba imejaa manyoya, yeye hasali mpaka akung'ute nguo, machozi ya paka yanachafua mito, na kila wakienda kwa daktari wa mifugo wanatoa hela. Swali lake ni hili: je, atapata dhambi akimpeleka soko la samaki akamwacha pale na paka wenzake? Kwani si Allah ndiye mwenye kuruzuku?

Dada yangu, nakujibu hadharani kwa sababu swali lako wanalo wengi. Na usidhani nimekaa juu ya mimbari nakunyooshea kidole. Nyumbani kwangu yuko paka wa aina hiyo hiyo, na niliyomfanyia mimi nitakueleza, ingawa mke wangu ameniambia niyaache yabaki ndani.

Kwanza Hadithi, maana wote tunaijua. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullahi bin Umar (radhi za Allah ziwe juu yao) kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfungia mpaka akafa. Hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie mwenyewe wadudu wa ardhini. Angalia vizuri, Hadithi imetaja milango miwili: umlishe, au umwachie atafute. Dada yangu ameushika huu mlango wa pili, na kwa paka wa mtaani yuko sawa kabisa. Paka wa mtaani ukimfungulia mlango umemrudishia riziki yake. Anajua pa kulala, anajua saa mashua zinapoingia, anajua nani anarusha vichwa vya samaki na nani anarusha jiwe.

Lakini paka wa Kiajemi mlango huo hana. Watu waliufunga kabla yeye hajazaliwa. Kwa vizazi vingi wamekuwa wakichagua dume mwenye manyoya marefu na jike mwenye uso mfupi, wakiwakutanisha, wakichagua tena watoto wao, mpaka akapatikana mnyama asiyeweza kusafisha manyoya yake mwenyewe, anayepumua kwa shida kwenye joto, na ambaye hana ukali wa kugombania kichwa cha dagaa na paka shume wa sokoni. Kumwacha pale ni kumfungia kulekule, ila kuta huzioni.

Sasa sikiliza yangu.

Binti yangu alipoolewa akamfuata mumewe Muscat, aliniachia paka aliyepewa na mjomba wake. Anaitwa Samli, kwa ile rangi yake. Mimi sikumtaka. Nilizaliwa Tanga, paka niliowajua utotoni ni wale wanaolala juu ya paa la madrasa na kushuka wakisikia harufu ya changu. Paka wa kuchanwa nywele kama bibi harusi niliona ni mambo ya kitajiri. Binti akaniambia, "Baba, huyu ni amana." Akaandika na maelezo kwenye karatasi, kurasa mbili, nikaikunja nikaitia kwenye Riyadhus Salihin yangu iwe alama ya mahali nilipofika. Nilikuwa nimekwenda darasa la kidato cha nne na madrasa tangu nina miaka sita. Nikajiambia paka si elimu ya kuandikiwa.

Ukweli ni kwamba Samli alinipendeza haraka kuliko nilivyotaka kukiri. Tabia ya paka hawa ni upole. Hawapandi makabati, hawaruki madirishani, hawalii usiku. Sauti yao ndogo, na wengi wao hawaitumii. Anachagua mahali pake, kwake ilikuwa sakafuni chini ya rafu ya vitabu ambapo saruji ina baridi, anakaa kama mzee wa barazani aliyekwisha kumaliza kesi zote za mtaa. Anapenda kila siku ifanane na jana. Ukihamisha sahani yake ananuna. Wakija wageni wenye kelele anajificha. Mtu akikaa kimya anasoma, anakuja polepole na kulala karibu na mguu, hakubugudhi.

Panya alituingilia mwaka ule akatoboa mfuko wa tende. Samli alikaa akamtazama panya akila, kisha akafumba macho. Nilicheka, lakini ningekuwa na akili ningezingatia: mnyama huyu ukimtoa nje, atakula nini?

Na nje alitoka, mara moja. Geti liliachwa wazi, tukamkuta amekaa katikati ya barabara, bajaji imesimama mbele yake inapiga honi na yeye hajui afanye nini. Dereva akashuka akamnyanyua, akaniletea. "Ustadh, huyu wako hajui dunia," akaniambia.

Miezi ya mwanzo mke wangu ndiye aliyemchana. Kisha mama yake akaugua, akasafiri kwenda Dar kumuuguza, na Ramadhani ikaingia. Ramadhani ile iliangukia kwenye joto la mwezi wa tatu, nanyi mnaojua Tanga mnajua joto hilo. Mimi nikawa na darsa baada ya Alasiri, tarawehe, simu za maswali mpaka daku. Nilimwekea Samli chakula na maji, nikampapasa mgongoni nikipita. Mgongo ulikuwa laini. Alikuwa ametulia. Nikasema moyoni, huyu ameridhika.

Kumi la mwisho nikaingia itikafu. Kijana wa jirani akawa anaingia asubuhi na jioni kumwekea chakula, na alifanya kama nilivyomwagiza, Allah amlipe kheri. Kuchana sikumwagiza. Usiku mmoja katika siku zile, wallahi, niliwasomea watu msikitini Hadithi hiyohiyo ya mwanamke na paka. Nikaieleza vizuri. Mzee mmoja alilia.

Siku ya Idi binti akapiga simu ya video kutoka Muscat. Baada ya salamu na mikono ya Idi akasema, "Baba, nionyeshe Samli." Nikamfuata chini ya rafu, nikatia mikono chini ya makwapa nimnyanyue. Akalia. Sijawahi kumsikia akilia vile. Vidole vyangu vilikuwa vimeshika kitu kigumu kama kamba ya nanga iliyolowa ikakauka. Nikamgeuza mbele ya ile simu, mimi na binti yangu tukaona pamoja: chini ya makwapa, tumboni, nyuma ya masikio, kwenye mapaja ya nyuma, manyoya yote yamesokotana yakawa mabonge yaliyoshikamana na ngozi. Akinyoosha mguu, bonge linavuta ngozi. Pembeni ya macho, machozi yalikuwa yamekauka yakawa gamba jeusi na chini yake kidonda.

Binti akauliza, "Baba, mara ya mwisho umemchana lini?"

Ndugu yangu, neno lililonijia mdomoni lilikuwa "majuzi." La pili lilikuwa "mama yako amesafiri." Mimi, imamu, na kanzu ya Idi bado mwilini. Nikanyamaza kidogo, kisha nikamwambia ukweli: tangu mama yako aondoke, hata siku moja. Hakunijibu kwa ukali, na ingekuwa nafuu kwangu angefanya hivyo. Alisema tu, "Si nilikuandikia, Baba?"

Daktari wa mifugo tulimpata siku ya pili ya Idi, kijana mdogo, umri wa mwanangu. Alimpa dawa ya usingizi, akamnyoa kwa mashine. Nilitaka kusaidia kwa mkasi, akanizuia mkono. Akanieleza kwamba bonge likikaza huinua ngozi pamoja nalo, na ngozi ya paka ni nyembamba. Watu wengi hukata wakidhani wanakata manyoya, kumbe wamechana nyama. Chini ya mabonge ngozi ilikuwa nyekundu, mahali pengine imechubuka na kutoa maji. Nikamuuliza, mbona hakulia siku zote hizo? Akasema, "Sheikh, paka huficha maumivu, na hawa wa Kiajemi ndiyo kabisa. Ukisubiri akwambie, umechelewa."

Jibu hilo lilinikaa. Nilikuwa nimeuchukua upole wake nikaufanya ushahidi kwamba nimetekeleza haki yake. Paka mkorofi angenikwaruza wiki ya kwanza nikajua. Huyu alivumilia.

Niliporudi nyumbani niliitoa ile karatasi kwenye kitabu. Nitawapa yaliyomo pamoja na niliyojifunza kwa daktari, maana najua wengi mnao paka hawa sasa, Dar, Mombasa, Unguja, na ndugu zetu walioko Omani.

Kuchana ni kila siku. Si kila Ijumaa. Manyoya ya paka huyu yana tabaka mbili, la juu refu na la chini zito kama pamba ya godoro, na mafundo huanzia chini huku juu kukiwa laini, ndiyo maana mgongo ulinidanganya. Tumia kitana cha chuma chenye meno mapana kwanza, kisha chenye meno ya karibu. Anza mahali pasipoonekana: makwapa, tumbo, nyuma ya masikio, mapaja, chini ya mkia. Dakika kumi mpaka kumi na tano zinatosha ukifanya kila siku. Ukiacha wiki utatumia saa nzima na wote wawili mtakasirika. Usimwogeshe kabla ya kuchana, maji hukaza mafundo. Kama kuchana kumekushinda, mpeleke anyolewe manyoya yawe mafupi kila baada ya miezi michache. Binti yangu hapendi kumwona hivyo, anasema anafanana na kondoo wa kuchinja, lakini kwenye joto letu ni rehema kwake.

Macho: kwa sababu uso umebonyea, njia za machozi hazipitishi vizuri, yanamwagika nje. Pamba safi, maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na pamba yake, kila siku. Jicho likiwa jekundu au paka analifumba, hilo ni la daktari, si la dawa ya macho ya binadamu iliyobaki kabatini.

Joto: pua fupi haipozi hewa kama pua ndefu. Aishi ndani, penye sakafu baridi na upepo, maji yabadilishwe. Paka akihema kwa mdomo wazi kama mbwa, usimngoje mpaka jioni.

Chakula: paka ni mla nyama kwa maumbile aliyoumbiwa. Ugali na maziwa vitamjaza tumbo, havitamlisha. Kuna kirutubisho kinaitwa taurini ambacho anakipata kwenye nyama na samaki, na akikikosa muda mrefu macho yanaharibika na moyo unadhoofika. Mpe chakula cha paka kama uwezo upo, au muulize daktari namna ya kuchanganya cha nyumbani. Sahani iwe bapa, maana uso huo hauingii kwenye bakuli refu. Na tafadhali, vidonge vyetu vya maumivu vya parasetamoli ni sumu kwake; hata nusu kidonge inaweza kumuua.

Liko jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Ukoo huu una ugonjwa wa figo wa kurithi: vifuko vya maji vinaota ndani ya figo na kukua mwaka baada ya mwaka. Kabla kipimo cha vinasaba hakijapatikana, uchunguzi katika nchi mbalimbali ulikuta zaidi ya theluthi moja ya paka hawa wanao. Tangu 2004 chanzo chake kinajulikana, na mzazi mmoja mwenye nao anatosha kuupitisha. Basi anayezalisha na kuuza bila kuwapima wazazi, na anajua, aiogope siku ambayo mnunuzi hatakuwa wa kudai peke yake.

Hapa niseme kidogo kuhusu kununua. Katika Sahih Muslim imo Hadithi ya Jabir kwamba Mtume (swallallahu alayhi wasallam) alikataza thamani ya paka. Wanazuoni walio wengi, na humo madhehebu yetu ya Shafi, wameona kumuuza kunafaa na wakaifasiri Hadithi kwamba si uharamu, bali ni kuhimiza watu wapeane. Wako waliokataza moja kwa moja, na Ibn al-Qayyim ni mmoja wao. Mimi sitamharamishia mtu kilichohalalishwa na jamhuri, ila rai yangu ni hii: ukiona mtoto wa paka ambaye pua yake iko baina ya macho na anakoroma akiwa macho, usimnunue kwa kumwonea huruma. Fedha yako ndiyo inayoagiza mwingine kama yeye.

Wala tusidanganyane kwa nasaba. Wako wanaowauza kwa kusema ni paka wa nchi za Kiislamu, wenye baraka. Kweli, msafiri wa Kiitalia Pietro della Valle aliandika katika karne ya 17 kuhusu paka wenye manyoya marefu wa Khurasani. Lakini hawa wa leo walitengenezwa Ulaya na Marekani, walikuwepo kwenye maonyesho ya paka London mwaka 1871, na wataalamu walipopima vinasaba vyao waliwakuta karibu na paka wa Ulaya. Pia ile habari ya Mtume kukata mkono wa nguo ili asimwamshe paka haina sanadi inayojulikana katika vitabu vya Hadithi, na ile ya kwamba kupenda paka ni katika imani wanazuoni wameihesabu kuwa ya kutungwa. Tunayo yaliyo sahihi, yanatosha.

Miongoni mwa hayo ni ya Abu Qatada. Kabsha alimmiminia maji ya udhu, paka akaja, naye akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Alipomwona Kabsha anashangaa, akamweleza kwamba Mtume amesema paka si najisi, ni katika wale wanaotuzungukazunguka. Hii wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo.

Dada yangu, umeniuliza na kuhusu manyoya kwenye nguo za swala. Paka mwenyewe ni twahara, na mate yake pia. Katika madhehebu ya Shafi, unyoya uliotengana na mnyama hai asiyeliwa huhesabika najisi, lakini kidogo kinasamehewa, hasa kwa mtu ambaye hana namna ya kukiepuka. Na madhehebu mengine wameona ni twahara tangu mwanzo. Basi kung'uta kanga yako, sali, usijitese. Na jua kwamba manyoya uliyoyatoa kwa kitana jioni hayatakuwa kwenye mswala wako asubuhi.

Jibu la swali lako, basi: usimwache sokoni. Na dhambi, umeniuliza, nami naiogopa kwako kama ninavyoiogopa kwangu. Una njia mbili. Ya kwanza, mgawane kazi nyumbani: mumeo aliyenunua naye ashike kitana, na mtoto mkubwa aoneshwe namna ya kufuta macho. Ya pili, kama kweli mmeshindwa, na kushindwa si aibu, mtafutieni mtu mwenye uwezo na mapenzi, mumpe bila bei, na mmweleze yote bila kuficha, manyoya, machozi, gharama. Usimwambie "hana shida." Mimi nilidhani hana shida.

Mkikosa mtu, niandikie tena. Sijasema neno hili kwa mke wangu bado, lakini chini ya ile rafu kuna nafasi ya wawili. Samli hapendi wageni, atanuna wiki nzima, kisha atazoea. Manyoya yake yamerudi yote. Sasa hivi nimetoka kusali Alasiri, naandika haya na yeye ameshakaa mbele ya kiti, hapigi kelele, anakitazama kitana.

Wallahu a'lam.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.